Leonilda aliyekataa kulaza oti siku ya zamu yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua bado halijavuka mgongo wa mlima, na Leonilda Bagatoli amesimama katikati ya shamba lililomfika kifuani. Suruali yake imelowa umande hadi mapajani. Amechuma suke moja la oti nyeusi, nafaka ya kipupwe jamii ya ngano, anatoa punje, anaiweka juu ya ukucha wa kidole gumba cha kushoto na kuibinya kwa ukucha wa kulia.

Kinatoka kitone cha maji, maangavu kama chozi.

Anakwenda hatua kumi mbele, anachuma suke jingine. Maji. La tatu analichuma karibu na kijito, ambako oti huwahi kukomaa. Maji tena, ingawa mazito kidogo.

"Bado," anasema, kama anayejisemea mwenyewe.

Getini Ademar Schlickmann anasubiri na maksai wake wawili. Nyuma ya maksai ipo rola ya jumuiya, gogo nene lililokazwa vyuma butu kulizunguka. Rola hiyo ikipita juu ya oti huilaza chini na kuyavunja mabua bila kuyakata, yafe yakiwa yamelala, yawe blanketi la shamba. Nyanya hupandwa humo humo, katikati ya blanketi.

"Komadre!" Ademar anaita. Ndiye aliyemsimamia ubatizo binti wa Leonilda, ndiyo maana wanaitana hivyo. "Hawa ng'ombe wamevaa nira tangu saa kumi na moja. Tunaanza, au kuna ibada kwanza?"

"Punje haina maziwa, kompadre."

"Sikukuu ni Jumanne ijayo. Itapata maziwa njiani."

"Njiani kwenda wapi? Ukiilaza haina maziwa, haifi. Inapumzika, halafu inaamka."

Ademar anavua kofia, anajikuna, anaivaa tena. "Nisikilize. Leo ni zamu yako. Kesho niko kwa Hilário, na baada ya sikukuu rola inavuka mto, hairudi mpaka katikati ya Oktoba. Wakati huo oti yako itakuwa imeshamwaga mbegu. Nyanya zako utazitafuta humo kwa tochi."

"Hesabu hiyo naijua."

"Basi?"

"Ipeleke kwa Hilário."

Ademar anawageuza maksai bila kuaga. Leonilda anabaki pale pale, mikono imelowa, anaitazama rola inavyodundadunda barabarani mpaka inapotelea kwenye kona ya kanisa. Katika kijiji cha Linha Guabiju, huku nyanda za juu za jimbo la Santa Catarina, hakuna anayekumbuka mtu aliyewahi kuirudisha rola siku ya zamu yake.

Utaratibu wenyewe ni wa siku nyingi. Jumapili ya kwanza ya Septemba, misa ikiisha, kura za zamu hupigwa mlangoni mwa kanisa. Karatasi zinatiwa kwenye kofia, kila nyumba inayolaza oti inachukua moja. Rola huzunguka ili oti yote iwe imelala kabla ya Sikukuu ya Mtakatifu Mateo, tarehe ishirini na moja. Baada ya sikukuu watu wanapanda. Wazee waliopanga hivyo walikuwa na akili zao, kwani miaka mingi punje na sikukuu hufika pamoja.

Lakini kuna miaka ya kipupwe kirefu. Mwaka huu jalidi ilianguka mara kumi na tisa kati ya Juni na Agosti. Maji ya ng'ombe yaliganda kwenye beseni hadi yakapasua beseni lenyewe. Oti nayo ikajikunyata, ikachelewa.

"Oti haina kalenda ukutani," anasema Leonilda. "Mtakatifu Mateo namheshimu. Lakini hakuwa mkulima, alikuwa mtoza ushuru."

Ana miaka hamsini na tisa. Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini inayokulazimu usogee ili umsikie. Shule aliishia darasa la nne, kwa kuwa nyumbani walikuwa tisa na vitunguu havikusubiri. Kuandika anaandika kwa herufi kubwa, taratibu, ila ukimpa donge la udongo atakueleza lilikolelewa.

Aliolewa Linha Guabiju akiwa na miaka ishirini. Mumewe, Valmor, alikuwa kijana wa kusifiwa kwa plau. Watu walisimama barabarani kumtazama akilima.

"Mistari yake ilinyooka kama ya daftari," Leonilda anasema, na kumtupia mumewe jicho. "Mvua ikija, daftari lote linakwenda mtoni."

"Sema pia kwamba lilikuwa daftari zuri," Valmor anajibu kutoka jikoni, akimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha majani ya mate, chai chungu ya huku.

"Zuri sana. Samaki wamelisoma lote."

Wanacheka sasa. Wakati ule hawakucheka. Mlima wa huku ni mkali, udongo ni mwekundu na laini, na ulioachwa wazi kipupwe chote huondoka na mvua za masika ya Oktoba. Mwaka mmoja mtaro ulichimbika katikati ya shamba lao ukamfika Leonilda kiunoni. Walikuwa wakitia magunia kumi na mawili ya mbolea ya dukani katika nusu hekta, na nusu yake, kwa hesabu yake mwenyewe, ilikuwa ikilisha magugu ya mtoni.

Majirani walishakuwa na rola yao, lakini yeye somo alilipata kwa kifo cha ng'ombe. Walikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, Mimosa, na kila Aprili walimpandia kipande cha oti cha kula wakati wa baridi. Mwaka huo Mimosa akafa Julai. Oti ikabaki bila mlaji, ikakua, ikatoa masuke, ikalala yenyewe kwa upepo. Novemba Leonilda akachoka kukitazama kile kipande, akafukua vishimo katikati ya majani makavu, akachomeka kabichi zilizobaki.

"Zilikuwa kubwa hata hazikuingia kwenye kreti. Tulizibeba kwa mikono kama watoto wachanga. Nikamwambia Valmor, Mimosa hajatuacha hivi hivi."

Tangu hapo, karibu miaka kumi na minne sasa, kila Aprili mavuno yakishaondoka yeye anapanda oti nyeusi pamoja na kunde za baridi, zile zinazotambaa na kupanda juu ya mabua na kutoa maua ya zambarau. Oti inatoa blanketi, kunde zinatoa chakula cha udongo. Hazilishwi ng'ombe wala haziuzwi sokoni. Kipindi chote ambacho wenzake wengi wanaona shamba limelala, yeye anasema ndipo linapokula.

Magunia ya dukani sasa ni manne.

Lakini shamba lililomfanya airudishe rola si lake. Mama mkwe alipofariki, ardhi iligawanywa, na nusu hekta ya chini, iliyo karibu na kijito, ikamwangukia Nair, dada yake Valmor, anayeishi mjini. Ndiyo ardhi pekee ya familia iliyo tambarare kiasi cha kubeba nyanya. Ya kwao Valmor ni mteremko mtupu, unaofaa vitunguu kidogo na maboga.

Kampuni moja ya mbao ilikuwa imekwisha kumfuata Nair. Walitaka kukodi mahali pale wapande misonobari, kama walivyofanya kwenye vilima vitatu vya jirani. Nair aliwaita kaka yake na wifi yake mezani, siku ya arobaini ya marehemu.

"Wifi, mimi sina ubaya," alisema. "Ila mti hauugui ukungu. Mti hauanguki kwa mvua ya siku moja. Nikipita hapo naona udongo unakwenda mtoni tangu nikiwa mtoto, nimechoka kuona. Nakupa mavuno matatu. Nikiona ardhi inalisha watu, inabaki kwako. Nisipoona, wenye misonobari wanaingia."

Shamba kama lile, likiwa na afya, linatoa kreti mia saba za nyanya. Mwaka wa kwanza Valmor alisisitiza kulima kwa plau mara moja ya mwisho, "kulifungua." Likatoa mia tatu na kumi.

Mwaka wa pili Leonilda alipanda oti na kunde zake. Zikasimama vizuri. Kura ikamwangukia siku nne kabla ya sikukuu, na oti yake, iliyochelewa kupandwa, ilikuwa bado nyuma ya ya wenzake. Alibinya punje akaona maji. Moyo ukamwambia angoje. Rola ikafika getini, maksai wakiwa wamefungwa, majirani wameegemea uzio wakitazama, naye akaona aibu.

"Nilisema moyoni, watu wote hawa wanalaza, mimi ni nani? Nikalaza."

Baada ya siku kumi na mbili oti ikainuka. Bua moja hapa, kumi pale, kisha shamba zima, na miche ya nyanya ikiwa tayari imepandwa humo ndani. Wiki tatu alitambaa katikati ya mistari akikata kwa mundu, bua moja moja. Miche ikakosa jua, ukungu ukaingia. Kreti mia moja na tisini.

Kijijini wakaipa oti ile jina la Lazaro. Hata paroko alicheka. Mpaka leo yuko mzee mmoja ambaye hamsalimii kwa jina, anamwambia tu, "Mama Lazaro, wafu wako hawajambo?"

Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Akilaza mapema, mkosi wa mwaka jana unajirudia. Akichelewa, oti inamwaga mbegu na kuwa gugu. Vyovyote kati ya hivyo, misonobari. Alichokuwa nacho ni nafasi ya siku tano au sita kati ya maziwa na mbegu, na rola asiyokuwa nayo.

Valmor alijizuia siku ile ya kwanza. Ya pili akashindwa.

"Nikamuuliza, tukilikosa shamba la Nair tutapanda nini? Akanijibu, nyamaza kwanza, niko kwenye punje."

Kila asubuhi alishuka. Maji. Maji mazito. Kitu kama maji ya mchele. Siku ya sikukuu alikwenda kanisani kama kila mtu, akala nyama ya kuchoma na ugali wa mahindi ya njano, akavumilia.

"Wenzio wote wamelaza, wewe umeiacha imesimama," Dorli, mke wa Ademar, alimwambia mbele ya meza ya keki. "Unafuga nini humo, komadre? Sungura?"

"Sungura wamenishinda, wanazaa sana. Nimeficha mume wa akiba."

"Basi akikuzidi unigawie, wangu anakoroma."

Vicheko vilikuwa vya kweli, na hakuna aliyemtakia mabaya. Lakini alipogeuka alimwona Ademar akitikisa kichwa kwa masikitiko, na hilo, anasema, lilimchoma kuliko mzaha wote.

Siku mbili baada ya sikukuu, Alhamisi, alibinya punje karibu na kijito. Kikatoka kitone cheupe, kizito, kikakaa juu ya ukucha bila kutiririka. Akakilamba. Kitamu. Akapanda hadi katikati ya shamba, kisha hadi kwenye uzio wa juu. Cheupe kote. Kunde nazo zilikuwa zambarau tupu, nyuki wamejaa.

"Nilikaa chini humo humo ndani, nikafunikwa. Valmor aliniita bila kuniona. Nilikuwa nalia, na sikutaka aone kwa sababu angedhani ni huzuni."

Rola ilikuwa ng'ambo ya mto.

Hapo ndipo Valmor, mtu wa plau, alipofanya jambo ambalo mkewe hulisimulia kwa kila mgeni. Alikwenda ghalani akarudi na fremu ya kitanda cha chuma cha marehemu mama yake. Akaikata. Kila kipande cha chuma cha pembe akakikaza chini ya ubao wa mita moja, akafunga kamba mbili ncha zote. Ukishika kamba unauinua ubao pamoja na mguu, unauweka mbele ya mabua, unaukanyaga kwa uzito wako wote. Chuma kinalivunja bua bila kulikata. Hatua moja mbele, tena.

"Mama amelala juu ya chuma hiki miaka arobaini," alisema. "Na oti italala."

Ubao wa kwanza Leonilda aliujaribu mwenyewe. Alikanyaga mita ishirini, akarudi nyuma kuchunguza mabua kwa vidole. Kila moja lilikuwa na mavunjiko mawili au matatu. Lakini nusu hekta kwa mtindo ule, mtu mmoja, ingemchukua wiki nzima, na wiki hakuwa nayo. Valmor mgongo wake ulishakufa kwa plau. Jioni ile Leonilda alipiga simu nyumba saba. Kuomba msaragambo si aibu huku. Kuuomba baada ya kukataa zamu yako ndiyo aibu, na aliuomba hivyo hivyo, bila kujitetea.

Ijumaa asubuhi waliingia watu sita. Wa kwanza alikuwa Dorli, amevaa buti za mumewe.

"Kompadre yuko wapi?"

"Amesema nikuambie hayupo."

"Yupo wapi sasa?"

"Nyumbani, anakunywa mate. Ila hayupo."

Walijipanga mstari mmoja kuanzia uzio wa juu, mbao zinagusana. Inua, weka, kanyaga. Mwanzoni kila mtu alikwenda mwendo wake na mstari ukawa kama meno ya mzee. Wanawake wawili wa kwaya wakaanzisha wimbo wa kwenye maandamano ya sikukuu ili hatua zilingane, na Valmor, asiyeweza kukanyaga, akawa anatembea mbele akiimba vibaya na kuonyesha mahali palipobaki. Oti ilikuwa ikilala na sauti kama ya karatasi nyingi zinazokunjwa. Nyuma yao kulibaki zulia la kijani na zambarau, nene kufika kifundo cha mguu.

Saa saba walikula chini ya banda, mikate na soseji na jibini. Walikuwa wamefika nusu. Miguu ya Dorli ilikuwa imevimba, akaivua buti na kuitumbukiza kijitoni huku akitukana taratibu.

Karibu saa tisa mtu akaonekana amesimama nje ya uzio, mikono mfukoni. Alitazama mistari mitatu mizima.

"Mnakanyaga vibaya," Ademar alisema mwishoni.

"Hayupo anaongea," Dorli akajibu bila kugeuka.

"Uzito uwe kwenye kisigino. Mnakanyaga kama mnapita kwenye maji." Akaruka uzio, akamnyang'anya mmoja wa wale wanakwaya ubao, akaanza kwa hasira, kisigino, kisigino, akawaacha wote nyuma. Jua lilipogusa mlima, bua la mwisho lilikuwa chini.

Hakuomba radhi, na Leonilda hakutaka radhi. Alimpa kibuyu cha mate kwanza, kabla ya wote. Huku kwetu mtu akifanyiwa hivyo anaelewa.

Blanketi lilikauka likawa la rangi ya dhahabu. Halikuamka hata bua moja. Wiki ya kwanza ya Oktoba, Leonilda na Valmor walifukua vishimo na kupanda miche elfu nne. Na katikati ya mwezi mvua ikaja.

Ilinyesha siku mbili mfululizo. Kwenye kopo lake la kupimia, ambalo hulimwaga na kuandika kwa herufi zake kubwa kila asubuhi, lilikusanyika maji ya milimita mia moja na hamsini. Asubuhi ya tatu alishuka kwa buti akiwa na hofu ya miaka thelathini na tisa miguuni. Kijito kilikuwa chekundu kama damu, kimebeba mashamba ya watu. Lakini maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka upande wa shamba la Nair, pale yanapoingilia kijitoni, uliweza kuyaona mawe chini yake. Aliinua majani kwa mkono. Udongo ulikuwa mahali alipouacha. Miche ilikuwa imesimama.

Juu ya barabara hali ilikuwa nyingine. Nyumba nyingi zilizolaza kabla ya sikukuu ziliona oti ikiinuka, kwa kuwa kipupwe kilikuwa kile kile kwa kila mtu. Wengi wakaona heri walime kwa plau kuifukia. Mvua ikakuta udongo uchi. Ademar peke yake alipoteza miche elfu mbili na kitu.

Alikuja mchana, akasimama kwenye lile blanketi, akalikanyaga kwa kisigino mara mbili tatu kama anayelijaribu godoro.

"Mwakani," alisema, "kofia ya kura tusiitoe mpaka tubinye punje."

"Waambie wewe. Mimi ni Mama Lazaro."

"Nitawaambia." Akavua kofia. "Una miche iliyobaki, komadre?"

Alikuwa nayo mia sita kwenye trei nyuma ya nyumba. Alimpa yote, na kunde za mbegu debe moja juu yake.

Sasa ni wiki ya pili ya Desemba. Leonilda anachuma tangu mwishoni mwa Novemba. Nyanya ni ngumu, zina mng'ao, na kwa kuwa zimelala juu ya majani makavu na si juu ya tope, haziozi kitako. Hadi Jumamosi iliyopita zilikuwa zimetoka kreti mia nne na thelathini, na mimea bado ina maua juu. Nyingi zinakwenda kwenye majiko ya shule za wilaya, zilizobaki zinachukuliwa na lori la soko.

Jumapili Nair alikuja.

Alifika na viatu vya mjini, akakataa kukaa, akasema anataka kuona kwanza. Walishuka watatu, Nair mbele, kaka yake nyuma yake, Leonilda mwisho. Nair alipita mstari mzima bila kugusa kitu. Kisha akachuchumaa, akaingiza mkono chini ya majani hadi kwenye kifundo, akautoa. Ulikuwa na udongo mweusi, si mwekundu, na nyungunyungu mmoja akijinyonganyonga kati ya vidole. Hakumtupa. Alimrudisha na kumfunika.

"Mvua ile ya Oktoba ilipita hapa?" aliuliza.

"Ilipita," alisema Valmor. "Haikuchukua kitu."

Nair alisimama, akageuka kukitazama kijito. Alizaliwa katika nyumba ile pale juu, na katika maji hayo aliogelea.

"Wifi, nakuongeza mwaka mmoja," alisema.

Valmor anasema moyo wake uliruka kwa furaha, akafungua mdomo kushukuru. Mkewe akamtangulia.

"Mwaka mmoja chukua, upande misonobari leo."

"Leonilda!" Valmor akashtuka.

"Wewe nyamaza kwanza. Wifi, mwaka mmoja ni wa kunihukumu, si wa kulima. Kila Septemba nitakuwa nimesimama humu nabinya punje huku nakuogopa wewe. Udongo huu ndio kwanza unaanza kuwa mweusi, na umekuwa hivyo kwa vipupwe viwili tu. Nipe miaka ya kutosha au usinipe."

Nair alimtazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anamwona. Halafu akaanza kucheka, kicheko kile kile cha marehemu mama yake, Valmor anasema, mpaka nywele zilimsimama.

"Unataka mingapi?"

"Kumi."

"Mitano."

"Minane."

"Saba. Na kila Krismasi kreti moja ya nyanya mlangoni kwangu."

"Mbili," alisema Leonilda. "Moja hutashiba."

Jumatatu walikwenda wote watatu mjini wakaandikishiana. Leonilda alitia sahihi kwa herufi zake kubwa, akachukua muda wake, karani akangoja. Wenye misonobari wamekwisha kuambiwa watafute kwingine.

Ukimuuliza anataka nini sasa, hataji gari wala nyumba. Anataka ghala la kukaushia mbegu za kunde, kwa sababu nyumba kumi na moja zimeshamwomba. Na anataka kitu kingine, ambacho anakionyesha kwa kidevu huku akipanga nyanya kwenye kreti. Ni kipande kidogo juu ya nyumba, pengine robo ya hekta, chekundu, kimelimwa mistari iliyonyooka kabisa. Ni ardhi ya Valmor, na ndipo mahali pekee anapoendelea kupitisha plau, mara moja kwa mwaka, taratibu, mgongo ukiruhusu.

"Hicho kipande niachie," Valmor anasema, kabla hajaulizwa. "Mtu lazima awe na mahali pake."

"Nakuachia."

"Kweli?"

"Mpaka Aprili," anasema Leonilda, na kuinua kreti.